Ngonjera na Kichwa cha Habari: Haki ya Kusikika katika Mjadala wa Utoaji Mimba

Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, enzi ambazo watu wa hapa waliishi kwenye tembe za udongo na akiba ya mtu ilikuwa ng'ombe wake. Alikuwa Mgogo, na Kiswahili kilikuwa kwake lugha ya kujifunza. Hata hivyo alipofariki mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa lugha hii. Leo ukishuka Ihumwa, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro, unapokewa na malori, reli mpya na vumbi la mji unaosogea kuelekea Mtumba, zilipo ofisi za serikali. Jina la Mnyampala hulisikii. Mimi namkumbuka kila nisomapo gazeti, kwa sababu ya ngonjera.

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua ngonjera inavyokwenda. Wawili wanasimama mbele ya watu. Mmoja hajui, au anajua na amekaidi, na mwingine ana jibu. Wanapeana beti, huyu anauliza na yule anafafanua, mpaka mkaidi anakubali na kushukuru. Mnyampala ndiye aliyezipa umbo na umaarufu tunaoujua, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 yeye na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi, walizitumia kueneza siasa ya Ujamaa. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, mwenyewe akiwa kaburini.

Jambo moja katika sanaa hiyo linanigusa. Msikilizaji wa ngonjera husikia sauti mbili, lakini hukumu imekwisha kutolewa kabla ya ubeti wa kwanza. Mkaidi ameandikiwa maneno yake na mtu anayetaka ashindwe. Hapo hakuna hila, maana ngonjera ilikuja kufundisha na haikuficha. Hila huanza pale habari inapojengwa kama ngonjera, kisha ikaitwa habari.

Nataka kulipima jambo hilo kwa mjadala mmoja mgumu kuliko yote tuliyo nayo, yaani utoaji mimba. Nitalinganisha mapokeo manne ya kupeana habari na kushindana kwa hoja: ngonjera ya Mnyampala, malumbano ya washairi wa pwani, elimu ya sanadi ya wanazuoni wa Kiislamu, na uandishi wa magazeti ya Marekani, ambako mgogoro huu umeandikwa sana. Sitamwambia msomaji aamini nini kuhusu mimba yenyewe. Hoja yangu ni kwamba katika jambo hili wanahabari wetu wanawanyima haki watu wa pande zote, na kwamba dawa tunayo nyumbani.

Nianze na asubuhi moja. Nilikuwa kwenye kibanda cha chai kando ya barabara hapa Ihumwa. Mama mwenye kibanda alikuwa anageuza vitumbua, simu yake imeegemezwa kwenye kopo la sukari, redio inapitia vichwa vya magazeti kama ilivyo desturi ya asubuhi. Mtangazaji akasoma kwamba mwanafunzi ametiwa mbaroni kwa tuhuma za kutoa mimba. Akatoa sauti ya masikitiko, akaenda kwenye habari za mpira. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Hawa watoto wa siku hizi, mama, hawana hata huruma." Mama hakuinua macho kwenye karai. Akasema, "Na aliyempa mimba, mwanangu, wamemsoma wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Swali lake lilikuwa la kihariri kabisa, na mhariri aliyeipitisha habari ile hakuliuliza. Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inamtishia kifungo cha miaka 30 mwanamume anayempa mimba mwanafunzi. Kwa hiyo ndani ya habari ile kulikuwa na uwezekano wa makosa mawili, na moja lilikuwa zito kuliko lililotangazwa. Lililotangazwa ni lile ambalo polisi walikuwa wamemshika mtu wake.

Hapa ndipo upendeleo wetu unapofanana na ngonjera. Marekani wanabishana kama mwandishi anaegemea chama hiki au kile. Kwetu mwandishi mara nyingi haegemei chama chochote. Anaegemea kituo cha polisi na mahakama, kwa sababu ndiko habari inakopatikana kabla gazeti halijakwenda mtamboni. Mjadala wenye uzito wa dini, tiba, sheria na umaskini unamfikia msomaji kama tukio la jinai. Msichana ndiye mkaidi wa ngonjera, na ubeti wake ameandikiwa na kamanda wa polisi.

Kiswahili chenyewe kina mitego katika jambo hili, na anayeandika asipoiona itamnasa. Tazama vitenzi. Tunasema mimba imetoka, mimba imeharibika, mimba imeporomoka, na mwanamke anapewa pole. Tunasema ametoa mimba au ameharibu mimba, na mwanamke huyo huyo anageuka mtuhumiwa. Kati ya "imeharibika" na "ameharibu" pana silabi chache tu, lakini muuguzi aliyempokea mgonjwa anayevuja damu saa nane usiku huenda asijue lipi ni lipi. Mwandishi asiye na cheti cha daktari wala hukumu ya mahakama anajuaje? Wakenya hupenda kuandika kuavya mimba, neno la kamusi lenye ubaridi kidogo. Mitaani kwetu kuna kuchoropoa, neno lenye dharau ndani yake, na nimeliona likiwekwa kwenye kichwa cha habari kana kwamba ni neno kama maneno mengine.

Tazama pia upatanisho wa sarufi. Ukiandika "mimba iliyotolewa", umeandika juu ya kitu. Ukiandika "kiumbe aliyetolewa", sarufi imekwisha kukiri kwamba ni nafsi, maana kiumbe tunampatanisha kama mtu. Kijusi kinayumba katikati: mmoja ataandika "kijusi kilichokutwa", mwingine "kijusi aliyekutwa". Waingereza wanahitaji neno zima ili kuchagua upande, sisi tunachagua kwa kiambishi. Sisemi kiambishi kipi ni haki. Nasema mhariri lazima ajue kwamba amechagua, na asibadilishe uchaguzi wake kufuata anayezungumza, akawapa hawa "kiumbe" na wale "mimba" ili msomaji ajue nani wa kupendwa.

Na tazama kauli ya kutendwa. "Alipewa ujauzito." Na nani? Kuna usemi ambao serikali, mashirika na magazeti wote wanautumia: mimba za utotoni. Ni usemi wa huruma, lakini mwanamume hayumo ndani yake kabisa. Mimba zimekuja zenyewe kama mvua za masika. Mama wa vitumbua aliligundua hilo bila darasa la sarufi.

Sasa twende pwani. Malumbano ni mapokeo mengine. Mshairi hutunga, mwingine humjibu kwa vina na mizani ile ile, na wa kwanza hurudi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana beti wakati miji yao ikiwa na uhasama wa kweli, na baadaye magazeti ya Kiswahili yalizipa tungo za majibizano nafasi kwenye kurasa za ushairi. Tofauti na ngonjera ni moja, nayo ni kubwa: katika malumbano kila mtu hutunga ubeti wake mwenyewe. Muyaka hakumtungia Zahidi. Hasimu alikuja na silaha zake, na hakuna aliyejua mwisho.

Kipimo cha malumbano kikiwekwa juu ya magazeti yetu, pande zote mbili zina malalamiko ya haki. Wanaopinga utoaji mimba hujiita watetezi wa uhai. Katika taarifa zinazotokana na warsha za mashirika wao hufupishwa kuwa "mila na desturi kandamizi" au "imani za dini", kana kwamba hawana hoja ila mazoea. Mkatoliki anayeamini kwamba uhai huanza mimba inapotungwa ana hoja iliyoandikwa kwa kina, na Papa Yohane Paulo II aliieleza katika waraka wake wa mwaka 1995. Asiyekubaliana naye aishinde hoja hiyo, asiifiche nyuma ya neno "mila". Kwa upande mwingine, wanaotetea haki ya uzazi hufupishwa kuwa watu wa "ajenda za nje", hata pale anayesema ni mkunga wa Kitanzania aliyeona wanawake wakifa mikononi mwake. Kila upande umetungiwa ubeti na mwingine.

Kuna kosa lingine la aina hiyo, la kuandika "viongozi wa dini wamepinga" kana kwamba dini ni sauti moja. Mafundisho ya Kanisa Katoliki yanakataa tangu kutungwa kwa mimba. Wanazuoni wa Kiislamu wanakubaliana kwamba baada ya siku 120, pale roho inapopulizwa, ni haramu isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kabla ya hapo madhehebu yao yametofautiana kwa karne nyingi: Wamaliki wengi walikaza tangu mwanzo, Wahanafi wengi waliruhusu kukiwa na sababu, na Washafii, ambao ndio wengi Afrika Mashariki, walihitilafiana wao kwa wao. Mwandishi anayewakusanya wote kwenye sentensi moja amewapotosha wote.

Mapokeo ya tatu yanatoka kwa wanazuoni hao hao. Waliokusanya hadithi za Mtume hawakuuliza tu nini kimesemwa. Waliuliza kimepokewa kutoka kwa nani, naye kutoka kwa nani, mpaka mwanzo wa mnyororo, kisha wakampima kila mpokezi: kumbukumbu yake, ukweli wake, na kama aliwahi kukutana na yule anayedai kumsikia. Hiyo ndiyo sanadi. Kauli nzuri yenye sanadi mbovu iliwekwa kando, hata kama ilimfurahisha msikilizaji.

Ipitishe sanadi kwenye takwimu. Magazeti yetu yameandika mara nyingi kwamba wanawake zaidi ya 400,000 hutoa mimba Tanzania kila mwaka. Mpokezi wa kwanza ni nani? Ni utafiti wa mwaka 2013, uliochapishwa 2016, uliofanywa na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani pamoja na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Ulikadiria mimba 405,000 zilizotolewa mwaka ule, yaani 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa kuzaa, na wanawake 66,600 waliotibiwa kwa madhara yake. Neno la kushika ni "ulikadiria". Hakuna aliyehesabu 405,000. Watafiti walianza na wagonjwa waliofika hospitali, wakawauliza wataalamu ni wanawake wangapi hutoa mimba bila kufika hospitali, wakapiga hesabu. Ni njia inayokubalika kisayansi, na ni makadirio. Guttmacher ni taasisi inayotetea waziwazi haki ya kutoa mimba, ilhali NIMR na Muhimbili ni taasisi zetu za umma. Msomaji akiambiwa hayo yote anaweza kupima mwenyewe. Akiachiwa namba tupu, mmoja ataipokea kama wahyi na mwingine ataitupa kama uongo, na wote wawili watakuwa wamekosa. Watetezi wa uhai nao waulizwe hivyo hivyo: wanapodai kwamba kutoa mimba huleta ugonjwa fulani, ni nani aliyepokea, na kutoka kwa nani?

Sheria pia ina sanadi. Imezoeleka kuandika kwamba utoaji mimba Tanzania ni marufuku kabisa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamwekea anayemtoa mimba mwanamke kifungo cha hadi miaka 14 katika kifungu cha 150, mwanamke mwenyewe hadi miaka 7 katika kifungu cha 151, na anayetoa vifaa au dawa hadi miaka 3 katika kifungu cha 152. Lakini kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Vilevile Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, ya haki za wanawake barani Afrika, mwaka 2007 bila kuweka pingamizi, wakati Kenya na Uganda ziliweka pingamizi juu ya sehemu ya ibara ya 14 inayohusu utoaji mimba. Mtetezi wa uhai na mtetezi wa haki ya uzazi wanaweza kuvisoma vifungu hivi kwa macho tofauti. Gazeti linaloacha kimoja limemnyima kila mmoja wao haki ya kusoma.

Mapokeo ya nne ni ya Marekani, na tusiyachukulie kama mwalimu wala kama adui. Tangu hukumu ya Roe dhidi ya Wade ya mwaka 1973, iliyohalalisha utoaji mimba nchini humo, mpaka ilipofutwa Juni 2022, magazeti ya huko yalisema yanasikiliza pande mbili. Julai 1990 mwandishi David Shaw wa Los Angeles Times alichapisha katika gazeti lake mwenyewe mfululizo wa makala kuhusu upendeleo wa vyombo vya habari, akionyesha kwamba maneno, vyanzo na vichwa vya habari vilielekea kuwapendelea wanaounga mkono haki ya kutoa mimba. Mwaka 2004 gazeti hilo hilo lilipitisha uhakiki wa opera ya Richard Strauss. Mhakiki alikuwa ameandika, kwa neno "pro-life", kwamba opera ile inatukuza uhai. Mhariri, kwa mazoea ya kubadili neno hilo kila alionapo, akaandika kwamba opera inapinga utoaji mimba. Gazeti likalazimika kusahihisha. Kanuni ya haki ikifuatwa bila kufikiri huzaa uongo mwingine.

Mwaka 2013 daktari Kermit Gosnell wa Philadelphia alisimama kizimbani kwa tuhuma za kuua watoto waliozaliwa hai katika kliniki yake ya kutoa mimba. Kesi ilianza Machi, na vyombo vingi vikubwa vya kitaifa havikuipa uzito mpaka Aprili, pale picha ya viti vitupu vya waandishi mahakamani ilipoenea na watu wakapiga kelele. Mei akatiwa hatiani. Kunyamaza nako ni upendeleo, na ni mgumu kuliko wote kuushika, maana haumo kwenye ukurasa.

Nairobi ilitoa kioo cha upande wa pili. Mei 2004 vijusi 15 vilikutwa vimetupwa kwenye mifuko. Daktari mmoja na wauguzi wawili walishtakiwa kwa mauaji, na habari yao ikatikisa nchi. Walikaa mahabusu takriban mwaka mzima, kisha Juni 2005 Mahakama Kuu ikawaachia kwa kuwa ushahidi haukuwafunga. Msomaji ajiulize ni habari ipi kati ya hizo mbili iliyobaki vichwani mwa watu, ya kukamatwa au ya kuachiwa.

Najua nitaambiwa: hili ni kosa la jinai, haki gani tena ya kusawazisha? Nami najibu kwamba mauaji ni jinai pia, na bado mwandishi mwadilifu huandika "anatuhumiwa", hutaja utetezi, na hurudi mahakamani siku ya hukumu. Baraza la Habari Tanzania lilianzishwa mwaka 1995 na wanahabari wenyewe ili wawajibishane kwa maadili kama hayo. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichozaliwa mwaka 1987, kilionyesha kwa kampeni zilizotangulia sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 kwamba vyombo vyetu vinaweza kuligeuza jambo la aibu la ndani ya nyumba likawa la kujadiliwa na taifa. Uwezo tunao.

Basi hukumu yangu ni hii. Wamarekani wametupa desturi ya gazeti kujikosoa hadharani, na hiyo tuichukue. Kugawa nafasi nusu kwa nusu hakutoshi, kwa sababu hata ngonjera ina sauti mbili. Malumbano yatufundishe kumwacha kila mtu atunge ubeti wake: mtetezi wa uhai aitwe anavyojiita na aseme hoja yake yenye nguvu kuliko zote, na mtetezi wa haki ya uzazi vivyo hivyo. Sanadi itufundishe kutaja kila namba na kila kauli imetoka kwa nani na amefaidika na nini. Ngonjera tuiache mahali Mnyampala alipoiweka, jukwaani, inakofundisha bila kujificha.

Kwako mhariri utakayeipokea kesho habari ya msichana aliyekamatwa, nakuomba mambo matatu kabla ukurasa haujakwenda mtamboni. Chunguza kitenzi ulichotumia na kiambishi chake. Andika sheria yote, pamoja na kifungu cha 230. Na mtume mwandishi wako akaulize swali la mama wa Ihumwa, aliyempa mimba yuko wapi, na jibu lake liandikwe hata kama ni kwamba polisi hawajamtafuta.